NYOTA MOJA KUONEKANA MBILI



Kila ifikapo jioni ya tarehe 29 Shaaban, wengi wetu husimama Forodhani kuutafuta mwezi. Mara mmoja hupiga kelele: "Ule!" Wakubwa humwuliza: umeona nini hasa? Nani mwengine ameona? Maswali kama hayo ndiyo yaliyoleta ugunduzi mkubwa mwaka 1979.

Kwasa ni kiini cha galaksi (kundi kubwa la nyota) ya mbali sana, na hung'aa kuliko nyota zote za galaksi yake. Baadhi ya kwasa hutoa mawimbi ya redio. Mawimbi haya ni ndugu wa mwanga, ila macho hayayaoni. Hunaswa kwa sahani kubwa za chuma. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Jodrell Bank, Uingereza, walipekua anga kwa redio wakaandika orodha ya vyanzo, kisha vyanzo hivyo vikatafutwa kwa darubini za kawaida.

Mwaka 1979 Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann walikuta nukta mbili zilizokaribiana mno, kama upana wa sarafu itazamwayo kutoka karibu kilomita moja. Walipouchambua mwanga wake, alama zake zilifanana. Je, ni pacha? La, ni kwasa moja! Mbele yake ipo galaksi, na uzito wake huupinda mwanga ukapita njia mbili. Itazameni taa kupitia kitako cha bilauri, mtaelewa.

Kwamba uzito hupinda mwanga kulithibitishwa wakati wa kupatwa kwa jua tarehe 29 Mei 1919, ambako kivuli chake kilifika hadi Ziwa Tanganyika.

Ushahidi mwengine ulipatikana baadaye. Kwasa ile ikibadilika mng'ao, nukta ya pili huonesha badiliko lile lile baada ya siku 417 hivi. Mfano wa majahazi mawili yaliyong'oa nanga Malindi siku moja, moja likapita njia ndefu.

Upekuzi mwengine ulichunguza vyanzo vya redio zaidi ya 16,000, ukapata lenzi za namna hii 22 tu. Hiyo ndiyo subira ya elimu.

Leo Afrika Kusini kuna sahani 64 za MeerKAT, zilizozinduliwa mwaka 2018. Wazazi, msiwakataze watoto, wa kike na wa kiume, kusoma fizikia skuli. Nanyi wanafunzi, mkiona jambo, lithibitisheni kwanza, ndipo mlitangaze.