Kamalondo haiingie mu telefone

Bandugu ba mugodi, Desemba 2010 tuliona Mazembe ku televizioni: ikapiga Internacional 2-0, kisha Inter ikatupiga 3-0 mu finale. Abu Dhabi ni mbali, hakukuwa namna ingine. Lakini uwanja wa Kamalondo uko hapa tangu 2011. Siye tunatoka poste ya usiku, tunaangalia ku telefone bila sauti kusudi batoto balale, na megas zinaisha mbele ya goli.

Mutoto wangu akauliza: «Papa, bafani banaimbaka namna gani?» Jibu sikuwa nayo. Siku ya Yenga tukaenda. Pale nikakuta mwenzangu wa poste ya muchana. Miaka mbili tunapishana tu ku mulango: yeye anatoka, miye naingia. Tukaongea mambo ya mushahara mpaka filimbi ya mwisho.