Tomati na baridi ya mwezi wa 7
Ndugu wakulima wa Kamina, kipwa ndiyo majira ya bustani. Lakini usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 hewa ya baridi, kwa sababu ni nzito, inashuka mpaka kwenye dembo na kukaa pale. Usiku mmoja unaweza kuunguza miche yote, na pesa ya mbegu inapotea.

Shu na vitunguu vinavumilia: vipandeni tangu mwezi wa 5. Tomati haivumilii. Inakaa kwenye pepinieri majuma 4. Basi mwageni mbegu mwanzo wa mwezi wa 7, juu karibu na nyumba. Funikeni na majani usiku, funueni asubuhi. Mwezi wa 8, baridi ikipungua, hamisheni miche kwenye dembo. Lengalenga nazo mwageni wakati huo.