Pikapu Inayoinama na Kiswahili cha Gereji

Aghalabu pikapu itokapo kiwandani huwa imeinama mbele kidogo na kuinuka nyuma. Vijana wengi wa Nakuru na vitongoji vyake hawaupendi msimamo huo. Huipeleka gereji ya jua kali, wakamwomba fundi aiinue mbele hadi ilingane na nyuma, kisha hulipa na kwenda zao wameridhika. (Neno "msimamo" tumezoea kuwadai wanasiasa. Msimamo wa gari angalau hupimika kwa futikamba.)

Je, waliolibuni gari hilo walikosea? Hata kidogo. Nyuma ya pikapu pana springi za vibapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Mkulima wa Molo au Mau Narok apakiapo magunia 10 ya viazi, kila gunia kilo 50, anaweka kilo 500 ambazo nyingi huielemea ekseli ya nyuma. Vibapa hunyooka, nyuma hushuka, na gari likakaa sawa. Mwinamo tunaouona gari likiwa tupu ni akiba iliyowekewa mzigo. Anayeusawazisha mapema atakutana na pua iliyoelekea mawinguni siku ya mavuno.

Kazi yenyewe inastahili kuelezwa. Katika Isuzu TFR, pikapu ambayo imezoeleka Kenya tangu miaka ya 1990, springi ya mbele si ile ya mzunguko. Ni fimbo ya chuma iliyolala chini ya gari. Ncha moja imeshikana na mkono unaobeba gurudumu, na ya pili imefungwa kwenye fremu kupitia kipande chenye bolti. Gurudumu likipanda, fimbo husokotwa, na kwa kuwa chuma hutaka kurudi katika hali yake, hulisukuma gurudumu chini tena. Fundi akikaza bolti ile, huisokota fimbo zaidi na bodi ikapanda. D-Max za tangu 2011 zina springi za mzunguko mbele, kwa hiyo huko fundi huongeza kipande cha chuma juu ya springi.

Wako wanaoamini kuwa kukaza bolti huifanya fimbo kuwa ngumu zaidi. La, hasha. Ugumu wake hutokana na aina ya chuma, unene na urefu. Fimbo yenye unene mara 2 ya nyingine, urefu ukiwa ule ule, ni ngumu mara 16. Bolti hubadilisha tu mahali msokoto unapoanzia. Safari huonekana ngumu kwa sababu gurudumu limepunguziwa nafasi ya kushuka, hivyo kila shimo hugonga. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kanuni ya Hooke kwa Kiingereza, akionyeshwa springi iliyotundikwa vijiwe, na kuna hatari ya kumaliza shule asijue kwamba kanuni hiyo imelala chini ya gari la babake.

Kisha kuna taa. Tuseme umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 3, na gari likainuliwa mbele kwa sentimita 5. Hesabu ya uwiano yatosha: mita 30 mbele, mwale wa taa utakuwa umepanda kwa sentimita 50. Nyuma ikishushwa na mzigo, mwale hupanda zaidi. Anayekuja kutoka Salgaa usiku, kwenye barabara inayojulikana kwa ajali, hupigwa na mwanga huo machoni. Taa zaweza kurekebishwa kwa bisibisi, lakini ni nani akumbukaye? Hali kadhalika magurudumu yasipopimwa upya, tairi huliwa upande mmoja.

Hapo ndipo mwanaisimu hutega sikio. Tairi "linaliwa", springi "zimechoka", gari "linalala mbele". Kwa hakika mafundi wengi husema "gari inalala", na mwalimu wa sarufi atakunja uso, na akunje. Spana, jeki, nati, bolti, bushi na breki zimetoka Kiingereza, zikavishwa irabu zetu na sasa hakuna anayeziuliza kwao. "Usukani" lilikuwa neno la jahazi kabla ya kuwa la gari. Mabaharia wa pwani walikuwa na omo kwa sehemu ya mbele ya chombo, tezi kwa nyuma, na farumi kwa uzito uliowekwa ili chombo kitulie. Kusawazisha chombo kwa kukadiria shehena ni maarifa tuliyokuwa na msamiati wake kabla ya injini kufika Nakuru.

Basi siwaelewi wanaosema kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba ufundi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ilhali mwanagenzi wa gereji hujifunza kwa Kiswahili namna ya kukaza bolti, na sababu ya kuikaza au kuiacha imefungiwa katika vitabu vya Kiingereza. Hasara humfikia mwenye gari, na huyo anayekuja kutoka Salgaa.

Kamati za istilahi, kwa maoni yangu, zingeanza kazi gerejini badala ya mezani. Walimu nao hawana haja ya kungoja kamati. Somo lahitaji futikamba, pikapu moja na magunia machache. Wanafunzi wapime kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, gari likiwa tupu, kisha wapakie gunia moja moja wakiandika vipimo, na maelezo yote wayaandike kwa Kiswahili, fundi akiwa papo hapo kuwasahihisha.