Ngumi Niliyoikosa Mezani

Jioni moja ya mwaka 1993, baada ya sala ya alasiri, nilipita kando ya uwanja wa saruji hapa Mombasa nikawakuta vijana wa mtaani wakijitayarisha kwa mpira wa kikapu. Mwandishi wao hakutokea. Nahodha mmoja akaniita: "Njoo, mshairi, hati yako nzuri. Tushikie karatasi." Hati hiyo niliipata chuoni kwa ubao na kwa fimbo, na kusifiwa kwake kulinipanda kichwani. Nikaketi.

Asiyeujua mchezo huu hudhani refa akishapiga firimbi kazi imekwisha. La. Firimbi huwasimamisha watu tu. Nani kakosa, kakosa nini na adhabu yake ni ipi, hayo meza haiyajui mpaka iambiwe. Ngumi ikinyanyuliwa juu ni faulo. Kiganja wazi ni kuvunja kanuni kama vile kutembea na mpira. Kwenye faulo, refa husogea mahali anapoonekana, akatulia, akasema kwa mikono: namba ya mchezaji, kisha kosa, kisha mitupo ya adhabu mingapi au mpira uelekee wapi. Zama zile jezi zilikuwa 4 hadi 15, kwa hivyo vidole kumi vilitosha. Kuanzia 11, ngumi ya kulia ilikuwa ndiyo kumi, na mkono wa kushoto ukamalizia.

Basi mimi ngumi sikuiona. Nilikuwa nimeinama nikirembesha tarakimu, na nilipoinua uso nikaona vidole vitano. Nikaandika 5. Kumbe alikuwa 15.

Namba 5 alikuwa na makosa manne tayari. La tano likamtoa. Akaapa wallahi hakumgusa mtu. Refa akaja mezani kutazama, nami nikamwonyesha karatasi. Ilikuwa safi mno, hata akaiamini kuliko macho yake mwenyewe. Timu ya yule kijana ikashindwa kwa pointi mbili.

Makosa ya namna hii yamepata hata wakubwa. Fainali ya Olimpiki ya Munich, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 1972: zimebaki sekunde 3, Doug Collins wa Marekani anatupa mitupo miwili, inakuwa 50 kwa 49 dhidi ya Usovieti. Katikati ya mtupo wa pili honi ya meza ikalia. Makocha wa Usovieti wakadai waliomba mapumziko na hawakupewa. Marefa walikuwa Renato Righetto, Mbrazili, na Artenik Arabadjian, Mbulgaria. Mchezo ukaendelea, kisha ukasimamishwa imebaki sekunde 1. R. William Jones, katibu mkuu wa FIBA, akashuka kutoka jukwaani akaamuru sekunde 3 zirudishwe. Mpira ukaanzishwa hali saa haijakwisha kurekebishwa! Honi ikalia, Wamarekani wakakumbatiana, wakaambiwa bado. Mara ya tatu Ivan Edeshko akaurusha mpira uwanja mzima, Alexander Belov akafunga: 51 kwa 50. Righetto alikataa kutia sahihi karatasi ya matokeo, na Wamarekani hawakuzipokea medali za fedha. Ulimwengu humlaumu Jones, naye alistahili. Lakini mimi niliyewahi kukaa mezani huifikiria zaidi ile honi iliyolia wakati usio wake.

Tangu 2014 FIBA imeruhusu namba 0, 00, na 1 mpaka 99. Kuanzia 16, refa huonyesha kwanza mgongo wa mkono kwa makumi, kisha kiganja kwa mamoja. Hushauriwa pia aitamke namba kwa mdomo, na kuna ishara ya kidole gumba baina yake na meza ya kujulishana kwamba wameelewana. Natamani ningekuwa na gumba hilo mwaka ule.

Usiku ule ule, barazani, namba 15 mwenyewe akaniambia huku akicheka kwamba faulo ile ilikuwa yake. Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwa kina namba 5 kumtaka radhi. Mamake akatuletea kahawa na kaimati. Kijana akanisamehe, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, kutolewa si kitu. Ila nilikutazama nikingoja umuulize refa mara ya pili."

Jumamosi iliyofuata walinialika tena. Safari hii mwandishi wao alikuwapo. Mimi wakanipa kengele.