Kibao cha Mama Mfiwa

Njoo, mpwa wangu, keti karibu. Mvua imenyesha hapa Manga, barabara yote tope. Unaiona ile alama ya gambuti? Mwenyewe ameshapita, alama yake imebaki.

Ziko picha zinazofanywa vivyo hivyo. Mchoraji huchonga kibao, hukipaka wino mweusi, kisha hulaza karatasi juu yake na kuikandamiza. Palipochongwa, peupe. Palipoachwa, peusi.

"Mjomba, kibao hakiumii?"

Hodari wangu, swali kama hilo hulipati kila siku! Hebu tukisikilize kibao kimoja cha Ujerumani.

"Mimi ni kibao cha mchoraji Käthe Kollwitz. Vita vilipoanza mwaka 1914, mwanawe Peter alikuwa na miaka 18. Alitaka kwenda vitani. Baba akakataa. Mama akamsihi baba, baba akakubali. Oktoba, Peter akauawa Ubelgiji. Mama akajaribu kuuchora msiba ule kwa njia nyingine, asiridhike. Ndipo akanijia mimi na patasi yake."

"Sisi tulikuwa wapi wakati huo?"

Papa hapa! Tazama mji wa Kisii kule bondeni. Mwezi mmoja kabla ya Peter kufa, Septemba, Wajerumani na Waingereza walipigana pale. Vita ni vile vile, mpwa wangu.

Käthe alichonga picha saba za vita hivyo, akazimaliza mwaka 1922. Katika mojawapo, Kifo ni mtu anayepiga ngoma. Vijana wanamfuata. Aliye karibu naye kabisa ni Peter.

"Mbona ngoma? Mbona si panga?"

Umeona mbali! Wewe ukisikia ngoma uwanjani, si hutoka mbio hata chai hujamaliza? Panga ungelikimbia. Ngoma unaifuata. Na yule mama aliwahi kufungua mlango ili mwanawe aifuate. Mimi nikifika kwenye picha hiyo, hunyamaza kwanza.

Sasa tazama hii nyingine, ya wazazi. Wamepiga magoti. Baba amejifunika uso kwa kiganja. Mama amemwangukia.

"Mjomba, baba anaishia wapi, mama anaanzia wapi?"

Fuatisha kwa kidole, polepole. Umepotea? Hata mimi hupotea hapo hapo. Palipochongwa, peupe. Palipoachwa, peusi. Na kati ya wale wawili, mama Peter hakupitisha patasi.