KUCHANJA KUNI ZA MITI MIGUMU: SHOKA, SHOKA-NYUNDO NA KABARI

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya wakulima wa nchi ya Mbinga na Nyasa, yaani wale wakaao katika milima ya Umatengo, wale wa bonde la Ngaka, na wale wa pwani ya Ziwa Nyasa kutoka Lituhi mpaka Mbamba Bay. Katika nchi hii makaa ya mawe yamo ardhini, na huko Ngaka yanachimbwa tangu mwaka 2011. Lakini makaa hayo huchukuliwa na malori kwenda viwandani, na chungu cha ugali nyumbani bado hupikwa kwa kuni. Kwa hiyo yafaa kila mkulima ajue kuzichanja kuni zake vizuri, kwa chombo kifaacho, asije akapoteza nguvu zake, mpini wake, au kidole cha mguu wake.

Watu wengi wana shoka moja tu, nalo hulitumia kwa kila kazi: kuangushia mti, kukatia matawi, na kuchanjia magogo. Wakipata gogo gumu hulaumu mti, au hulaumu mikono yao. Mara nyingi kosa si la mti wala la mikono. Chombo ndicho kisichopatana na kazi.

1. KWA NINI KUNI ZICHANJWE

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mwanamke abebaye mzigo wa kuni mbichi kichwani abeba pia maji yasiyo na faida kwake. Na kuni hizo zikitiwa mafigani, moto hauna budi kuyachemsha kwanza maji hayo na kuyageuza mvuke, ndipo upate nafasi ya kuchemsha chungu. Kilo moja ya kuni mbichi kabisa hutoa karibu nusu tu ya joto la kilo moja ya kuni kavu. Na joto linalopotea hufuatana na moshi mwingi, unaoumiza macho na vifua vya mama na watoto.

Gogo zima lenye ganda lake hukauka polepole sana, kwa sababu ganda huzuia maji yasitoke, nayo hutoka katika ncha mbili tu. Gogo lililochanjwa vipande vinne lina nyuso nyingi zilizo wazi kwa upepo. Basi kuchanja si kupunguza ukubwa tu ili kuni ziingie mafigani. Kuchanja ndiko kukausha. Na mtu achomaye kuni kavu hukata miti michache kuliko jirani yake achomaye mbichi, ingawa wote wawili wapika ugali ule ule.

Lakini usichanje nyembamba kupita haja. Kipande cha unene wa kifundo cha mkono chatosha kwa mafiga. Wakulima wa tumbaku ya moshi wa upande wa Songea na Namtumbo, ambao moto wa bani lao yapasa uungue polepole, huyaacha magogo yao yakiwa manene zaidi. Pima kwa kazi uliyo nayo.

2. NAMNA MTI UPASUKAVYO

Mti umefanywa kwa nyuzi nyingi zilizosimama pamoja kutoka mizizini kwenda juu, kama mabua katika mganda. Kuukata mti kwa kuukingama ni kuzikata nyuzi hizo zote, na kazi hii yataka makali membamba yaliyonolewa sana. Kuuchanja ni kuzitenga nyuzi zisishikane, bila kuzikata. Kazi hii haitaki wembe. Yataka kitu kinene cha kusukuma huku na huku.

Ukipiga pande la mti mgumu kwa shoka jembamba, makali huzama sana, lakini nyuzi hazisukumwi mbali. Huyabana mashavu ya shoka pande mbili, na shoka hunasa. Hapo ndipo mtu aanzapo kutikisa mpini kulia na kushoto, na mpini huvunjika shingoni. Ukipiga kwa chuma kinene, makali huingia kidogo tu, kisha mashavu huzisukuma nyuzi, na ufa hukimbia mbele ya chuma. Mara nyingi pande limekwisha kupasuka kabla chuma hakijafika katikati.

3. VYOMBO VYENYEWE

Shoka la kienyeji. Chuma chake kina msuka uliopenya katika kichwa cha mpini. Zamani wahunzi wa milima ya kaskazini ya ziwa, na hasa Wapangwa, walikuwa mashuhuri kwa kuyeyusha chuma chao wenyewe. Shoka la namna hii ni jepesi na zuri kwa kukatia miti midogo na matawi. Kwa kuchanja magogo halifai: kila pigo huuzamisha msuka zaidi, na mwisho kichwa cha mpini hupasuka kabla ya gogo.

Shoka la kuangushia. Hili lina tundu la mpini, na makali yake ni membamba. Uzito wa chuma chake ni kama kilo 1 na nusu. Huchanja miti laini na vipande vidogo, bali katika mti mgumu hunasa.

Shoka la kuchanjia. Hili hufanana na la kuangushia, lakini mashavu yake hutanuka upesi kutoka makalini kwenda kwenye tundu. Chuma chake huwa na uzito wa kama kilo 2. Mtu mwenye nguvu za kawaida aweza kufanya kazi nalo asubuhi nzima.

Shoka-nyundo. Tunaliita hivyo kwa kuwa upande mmoja ni shoka nene, na kisogo chake ni bapa kama nyundo. Chuma chake huwa na uzito wa kilo 2.7 hadi 3.6, yaani ratili 6 hadi 8. Ni chombo cha mapande makubwa na yenye mafundo. Kisogo chake kimefanywa kwa kupigia kabari, si kwa kupigwa.

Kabari na nyundo nzito. Kabari ni kipande cha chuma chenye ncha nyembamba na kichwa kinene. Huwekwa juu ya gogo na kupigwa mpaka gogo likafunguka. Kazi yake ni ya polepole, lakini hakuna gogo la kawaida linaloishinda.

4. UZITO NA MWENDO

Wako wadhanio kwamba chombo kizito zaidi ndicho bora siku zote. Si hivyo. Nguvu ya pigo hutoka katika mambo mawili, uzito wa chuma na mwendo wake. Uzito ukiongezwa maradufu, nguvu ya pigo huongezeka maradufu. Bali mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu ya pigo huwa mara nne. Mtu aliyechoka, ambaye hawezi tena kulipeleka shoka-nyundo kwa kasi, hupiga pigo dhaifu kuliko jirani yake mwenye shoka la kilo 2 aliye na pumzi. Tena mtu aliyechoka hukosa shabaha, na kukosa shabaha ndiko kuumia.

Basi kanuni ni hii. Pande lenye nyuzi zilizonyoka, tumia shoka la kuchanjia. Pande kubwa, kavu, au lenye mafundo, tumia shoka-nyundo. Pande lililokataa mapigo matano au sita ya shoka-nyundo mahali pamoja, usishindane nalo, tumia kabari.

5. MITI YETU

Miyombo. Nyuzi za miyombo mara nyingi hupishana, safu hii ikielekea huku na safu ya pili kule. Usilipige pande lake katikati. Anza pembeni, ukimenya vipande kuzunguka ukingo, kama umenyavyo muhogo. Kiini kikibaki kidogo, ndipo ukipasue katikati.

Mkaratusi. Uchanje katika juma lile lile ulipoukata, ungali mbichi. Ukiuacha ukauke mzima, nyuzi zake hukaza mno, na shoka hurudi juu likikutetemesha mikono.

Mgrevilea. Wenye mashamba ya kahawa wanao mti huu kwa kivuli. Hupasuka kwa wepesi, na shoka la kuchanjia latosha kabisa. Matawi ya mibuni yenyewe hayahitaji kuchanjwa.

Mninga. Huu ni mti wa mbao, na thamani yake ni kubwa. Usiuchome, ila vipande visivyofaa kwa fundi.

6. JINSI YA KUFANYA KAZI

Chagua mahali palipo wazi, pasipo kamba ya nguo wala tawi juu ya kichwa chako. Watoto, kuku na mbuzi wakae mbali, hatua 5 au zaidi.

Weka gogo pana la kuchanjia, lisilofika magotini, na juu yake usimamishe pande lako. Likiwekwa juu ya udongo mtupu, udongo humeza nguvu ya pigo, na makali yakipenya hukutana na mawe. Ukiwa na tairi kuukuu la gari, liweke juu ya gogo la kuchanjia na kusimamisha pande ndani yake. Vipande havitaruka wala kuanguka, nawe hutainama kila mara kuviokota.

Litazame pande kabla ya kulipiga. Kama lina ufa, fuata ufa. Kama lina fundo la tawi, ligeuze ili fundo liwe chini, wala usipige juu ya fundo lenyewe.

Simama miguu ikiachana, mbali kiasi kwamba ukikosa, chuma kitue juu ya gogo la kuchanjia wala si juu ya muundi wako. Mkono mmoja ushike mwisho wa mpini. Mwingine uanze karibu na chuma, kisha uteleze kushuka kuukuta wa kwanza wakati wa kupiga. Kunja magoti chuma kinaposhuka. Uache uzito wa chuma ufanye kazi. Usiusukume kwa mabega.

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Makubazi ya tairi ni mazuri kwa safari, lakini hayazuii shoka.

Ukitumia kabari, iweke karibu na ukingo au katika ufa, ipige kwa upole mpaka ishike, ndipo upige kwa nguvu. Gogo refu lataka kabari mbili: ya kwanza ikifungua ufa, ya pili huwekwa mbele yake, na ile ya kwanza hulegea. Ufa ukiisha kufunguka, waweza pia kutumia kabari za mti mgumu ulizochonga mwenyewe.

Usipige kamwe kisogo cha shoka la kawaida kwa nyundo ya chuma. Tundu hutanuka au hupasuka, na vipande vya chuma huruka. Vivyo hivyo, kichwa cha kabari kikipigwa siku nyingi hutanuka kama uyoga. Ukingo ule uondoe kwa tupa, kwa maana vipande vyake vikivunjika hurukia macho.

7. KUTUNZA CHOMBO

Wahenga walisema, "Shoka lisilo mpini halichanji kuni." Mpini mzuri huchongwa katika mti mgumu usiovunjika upesi, uliokauka vizuri, ambao nyuzi zake zimenyoka kutoka mwanzo hadi mwisho. Kaza mpini kwa kabari ndogo ya mti upande wa juu wa tundu. Watu wengi huloweka shoka katika maji ili mpini uvimbe. Siku ile hukaza kweli, lakini ukikauka hulegea kuliko kwanza, na chuma chaweza kuchomoka na kuruka.

Mpini ukivunjika ndani ya tundu, usitie chuma motoni kuuchoma. Moto huondoa ugumu wa makali, na shoka halitashika tena ukali wake. Toboa mti uliobaki, au uutoe kwa nyundo na kipande cha chuma.

Shoka la kuangushia linolewe liwe kali sana. Shoka la kuchanjia na shoka-nyundo yatosha yawe na makali ya kuuma mti yasiteleze, hayahitaji wembe.

8. UNUNUE KIPI?

Nyumba ichomayo matawi na matawi ya mgrevilea haina haja ya shoka-nyundo. Shoka moja zuri la kuchanjia, pamoja na shoka la kukatia, yatosha.

Nyumba ipatayo magogo makubwa, na isiyo na fedha nyingi, ianze kwa kabari mbili na nyundo nzito. Mhunzi aweza kufua kabari kwa chuma chakavu kwa gharama ndogo.

Shoka-nyundo hutumika siku chache tu kwa mwaka. Kwa hiyo lafaa kununuliwa na majirani watano au sita kwa shirika, kama vile wasaidianavyo kuchimba ngoro. Aliye na kazi alichukue, alirudishe likiwa na mpini mzima.

9. WAKATI WA KAZI

Chanja kuni zako mvua zinapokwisha, mwezi wa Mei na Juni, uzipange mahali pa upepo, juu ya fito zisiguse udongo, na juu yake pafunikwe lakini pande ziwe wazi. Zikae miezi yote ya kiangazi. Mvua zitakaporudi mwezi wa Novemba au Desemba, nyumba yako itakuwa na kuni kavu, wakati mwingine apuliza moshi.

Kumbuka pia kwamba milima ya Umatengo ni mikali, na ngoro zimeushika udongo wake kwa vizazi vingi. Lakini ngoro peke yake haziwezi kuyazuia maji yashukayo kutoka kilele kilicho uchi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavipa vijiji uwezo wa kutenga misitu yao na kuilinda. Uliza serikali ya kijiji chako kabla ya kukata. Kila gogo lililochanjwa vizuri na kukaushwa ni sehemu ya mti uliobaki umesimama juu ya shamba lako.

KWA UFUPI

Shoka jembamba hukata. Chuma kinene huchanja.
Mti ulionyoka, shoka la kuchanjia. Mti wenye mafundo, shoka-nyundo. Mti uliokataa, kabari.
Mkaratusi uchanjwe mbichi. Miyombo imenywe kutoka pembeni.
Usipige kisogo cha shoka la kawaida kwa nyundo.
Ukichoka, pumzika. Kuni zitakungoja, mguu uliokatwa hauoti tena.