Siku Mbili Unguja: Kiswahili Chetu Mbele ya Mlango wa Tippu Tip

Mkongomani anayesoma Kiswahili Dar es Salaam hana raha mpaka avuke bahari kwenda Unguja. Sababu yajulikana. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa mikononi mwa Wabelgiji, haikuwamo. Sarufi tunayoifundisha Lubumbashi ilikatwa na kushonwa mahali ambapo sisi hatukuitwa. Katika makala haya twakusudia kueleza, kwa mfano wa safari ya mwisho wa juma tuliyoifanya mwaka 2018, ni kitu gani hasa kinachokitenga Kiswahili cha huko na chetu.

Tulikuwa wanafunzi wanne: wawili wa Lubumbashi, mmoja wa Kasongo katika Maniema, na Mtanzania mmoja mzaliwa wa Tanga aliyekubali kutuongoza. Boti ya Jumamosi asubuhi ilitufikisha bandarini baada ya saa mbili hivi. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, tulilitazama kwa nje tu. Sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na waliokwenda baadaye hawakuliona tulivyoliona sisi.

Tulidhani matamshi ndiyo yatakayotufedhehesha. Hayakutufedhehesha sana. Jioni, katika bustani ya Forodhani, mwenzetu mmoja alisahau usanifu wake, akaomba «mayi» ya kunywa. Muuzaji akamwonyesha mwenye mayai, watu wakacheka, nasi tukacheka nao. Tulieleza kwamba kwetu husemwa «batu» na «bintu», kwamba ugali ni «bukari» na kisamvu ni «sombe». Waliotusikiliza walifurahi kama watu wanaosikia habari za binamu aliyepotea.

Aibu ilitoka mahali pengine. Katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, wazee walikuwa wameketi barazani wakinywa kahawa. Sisi watatu tukapita tukisema «Jambo, baba», kama adabu ya kwetu inavyotaka. Kimya. Mwenzetu wa Tanga akainama kidogo: «Shikamoo, mzee.» «Marahaba, mwanangu.» Kisha mzee akamwuliza: «Hawa wenzio watokea wapi?» «Kongo, mzee.» «Kongo! Na Kiswahili wamefunzwa na nani?»

Mmoja wetu akajibu: «Na mama zetu.»

Mzee hakuuliza kwa dharau, nadhani, lakini swali lake lilitusumbua usiku kucha, kwa kuwa jibu letu, ingawa ni la kweli, halikutosha. Mama zetu nao walifunzwa na nani? Upande wa Maniema jibu lapitia Unguja yenyewe. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikafika Nyangwe na Kasongo. Upande wa Katanga mambo yalikwenda vingine. Walitangulia Wanyamwezi wa Msiri. Baadaye yakaja machimbo ya shaba. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, na wengi wao walikutana na Kiswahili kambini. Wakakichukua, wakakitia «ba-» ya lugha zao mahali pa «wa-», wakakitia «ka-» ya udogo, hata mtoto akawa «katoto». Wanaoiita lugha hiyo Kiunguja kilichoharibika wanakosea, kwa maoni yetu: ina mama wengine. Ila adabu ya barazani haikusafiri na misafara, wala haikufundishwa kambini, na hicho ndicho kilichotukosesha kahawa ya mzee.

Jumapili tulikwenda Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Waanglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hapo hatukusema mengi. Kutoka hapo tukaelekea Shangani, kwenye nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyetawala biashara ya Maniema kutoka Kasongo, akawa liwali wa Stanley Falls kwa jina la Leopold wa Pili mwaka 1887, akafa Unguja mwaka 1905. Tawasifu yake aliyoiandika kwa Kiswahili husomwa darasani kama nathari ya mapema, na kwa haki: ni nathari safi. Mlango wa nyumba ni wa nakshi nzuri. Familia za watu zilikuwa zikiishi humo, na nguo zilikuwa zimeanikwa.

Mwongoza watalii mmoja alikuwa akiwaeleza wageni wake juu ya «mfanyabiashara mkubwa». Akatukaribisha tusimame mlangoni tupigwe picha. Sisi wa Lubumbashi tulisimama, nakiri. Mwenzetu wa Kasongo alikataa. Alikataa kwa lugha ya nyumbani kwao, kwa maneno mengi na ya haraka, hata mwongozaji akacheka, akamwuliza hicho ni Kiswahili gani.

«Kingwana,» akasema.

Jina hilo limetokana na neno waungwana. Ndivyo walivyojiita wafuasi wa misafara ya mwenye mlango ule.